Mimi ni Yanga: nikiombea Simba afungwe kimataifa, naidhuru timu yangu?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Yanga tangu tumboni, naishi Morogoro. Kaka yangu mkubwa, aliyenilea baada ya baba kufariki, ni Simba mwenye kadi. Msimu huu wa 2025/26 timu zetu nne zimeingia makundi ya CAF. Siku ya droo nikasema naiombea Esperance iifunge Simba nje ndani, kaka akakasirika kweli. Anasema watu kama mimi ndio watakaoirudisha Tanzania kwenye nafasi mbili, na kwamba Simba ikitolewa mapema hata Yanga itashushwa chungu (daraja la ubora ambalo timu hupangiwa) kwenye droo ya mwakani. Mimi nikamjibu pointi za Simba ni za Simba, hazinihusu. Tumewekeana dau la laki mbili mbele ya mashahidi, na sasa ni wiki mbili hatupigiani simu. Nani mkweli kati yetu? Swali la pili: kundi letu lina Al Ahly, AS FAR na JS Kabylie. Mechi ambazo Yanga haichezi, niwe upande wa nani? Tawini kwetu wengi wanataka Al Ahly afungwe na kila mtu ili sisi tuongoze kundi."

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mawili, lakini nasikia na la tatu ambalo hukuliandika: kama kumkataa mtani kuna gharama ambayo mtu wa Yanga huilipa bila kujua. Nitaanza na hesabu, kwa sababu hesabu haina rangi ya jezi, halafu nitarudi kwa kaka yako.

Kwa ufupi, kila mmoja wenu amepatia jambo moja na kukosea jambo moja. Kaka amepatia kwamba pointi za Simba zinaingia kwenye kapu la nchi. Amekosea kabisa kuhusu chungu. Wewe umepatia kuhusu chungu, ila uliposema pointi za Simba hazikuhusu umekosea, na historia ya klabu yako mwenyewe inakukana. Nitakuonyesha.

CAF ina orodha mbili zinazotokana na pointi zilezile, na karibu ubishi wote wa vijiweni unatokea pale watu wanapozichanganya. Orodha ya kwanza ni ya klabu. Hiyo ndiyo inayoamua klabu inakaa chungu kipi kwenye droo ya makundi, na hata nani anasamehewa raundi ya kwanza ya awali. Msimu wa 2023/24, kwa mfano, Simba ilianzia raundi ya pili dhidi ya Power Dynamos wakati Yanga ilianzia chini kabisa dhidi ya ASAS ya Djibouti. Orodha ya pili ni ya nchi: unajumlisha pointi za klabu zote za chama kimoja, na vyama 12 vya juu vinapewa nafasi mbili katika Ligi ya Mabingwa na mbili katika Kombe la Shirikisho. Vilivyobaki vinapata moja na moja. Ndiyo maana jirani zetu Kenya msimu huu walianza na Kenya Police upande mmoja na Nairobi United upande mwingine, basi, wakati sisi tulipeleka timu nne.

Pointi zenyewe hazitolewi kwa kushinda mechi. Hili watu wengi hawalijui, na ndilo linalowafanya wapige kelele kila Simba inaposhinda au kupoteza mechi moja ya kundi. Pointi hutolewa kwa hatua uliyoishia. Ligi ya Mabingwa: bingwa 6, mshindi wa pili 5, aliyeishia nusu fainali 4, robo fainali 3, wa tatu kwenye kundi 2, wa mwisho kwenye kundi 1. Kombe la Shirikisho: bingwa 5, wa pili 4, nusu 3, robo 2, wa tatu kwenye kundi 1, wa mwisho nusu pointi. Aliyetolewa kabla ya makundi hapati kitu. Kisha kila msimu una uzito wake. Msimu wa karibuni unazidishwa mara 5, wa nyuma yake mara 4, halafu 3, 2 na 1, na baada ya hapo unafutika.

Chukua kalamu tuhesabu pamoja kwa misimu mitano iliyoishia 2024/25. Simba: 2020/21 robo fainali ya Mabingwa, 3 mara 1 ni 3. Msimu wa 2021/22 robo ya Shirikisho, 2 mara 2 ni 4. Msimu wa 2022/23 robo ya Mabingwa, 3 mara 3 ni 9. Msimu wa 2023/24 robo tena, 3 mara 4 ni 12. Msimu wa 2024/25 fainali ya Shirikisho waliyopoteza kwa RS Berkane, 4 mara 5 ni 20. Jumla 48. Yanga: fainali ya Shirikisho ya 2022/23 mbele ya USM Alger, 4 mara 3 ni 12. Robo ya Mabingwa 2023/24, 12 nyingine. Nafasi ya tatu kwenye kundi 2024/25, 2 mara 5 ni 10. Jumla 34. Kuna na Namungo, ambayo wengi wameisahau: iliingia makundi ya Shirikisho 2020/21 ikafungwa mechi zote sita, lakini ile nusu pointi yake ipo. Tanzania nzima: 82.5.

Umeona? Hakuna mahali ambapo ile 48 ya Simba imegusa ile 34 ya Yanga. Chungu cha Yanga kinatokana na jasho la Yanga peke yake. Simba ikitolewa mapema, Yanga haishuki hata hatua moja kwa sababu hiyo, na kama Simba ilikuwa juu yenu kwenye orodha, kuporomoka kwake kunaweza hata kuwapandisha. Kwenye hili mwambie kaka, kwa adabu, kwamba kadanganywa.

Sasa zamu yako.

Rudi nyuma hadi msimu wa 2018/19. Tanzania Bara ilikuwa na nafasi moja moja. Simba ikaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na TP Mazembe kwa mabao 4-1 ya Lubumbashi baada ya suluhu ya Dar. Ile robo fainali ilikuwa pointi 3 mara 5, yaani 15, na ndiyo iliyotuvusha mstari wa nchi 12. Msimu uliofuata Tanzania ikapeleka timu nne. Nani alikwenda Ligi ya Mabingwa pamoja na Simba? Yanga, iliyokuwa imemaliza ligi nafasi ya pili. Bila pointi za Msimbazi, tiketi ile isingekuwepo.

Hadithi inaendelea, na hapa ndipo penye uchungu. Msimu huo wa 2019/20 hakuna hata mmoja aliyefika makundi. Simba ikang'oka kwa UD Songo ya Msumbiji, Yanga ikatolewa na Zesco kisha na Pyramids ilipoangukia Shirikisho, Azam ikaishia kwa Triangle ya Zimbabwe, KMC kwa AS Kigali. Sifuri kwa wote wanne. Ile 15 ya Simba ikashuka uzito ikawa 12, hakuna kilichoongezwa juu yake, na 2020/21 tukarudi kwenye nafasi mbili: Simba Mabingwa, Namungo Shirikisho. Simba ikafika robo tena, mlango ukafunguka tena, na 2021/22 Yanga ikaingia Ligi ya Mabingwa, kwa mara nyingine ikiwa namba mbili wa ligi. Safari ile ilikatishwa na Rivers United, lakini tiketi ilipatikana.

Kaka naye asivimbe kichwa, maana gurudumu liligeuka. Kuanzia 2021/22 hadi 2024/25 Yanga ilichukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mara nne mfululizo. Simba iliyocheza robo fainali mbili za Ligi ya Mabingwa, 2022/23 na 2023/24, iliingia kama namba mbili. Mwaka 2024 iliteleza zaidi: ililingana pointi na Azam, Azam ikawa ya pili kwa tofauti ya mabao, Simba ikashika nafasi ya tatu na kwenda Kombe la Shirikisho. Timu ya tatu ya nchi yenye nafasi mbili huwa inakaa nyumbani msimu mzima wa kimataifa labda ichukue kombe la ndani. Simba hiyo ya tatu ilikwenda hadi fainali, ikaleta 20, wakati Azam iliyoipiku ikitolewa na APR raundi ya kwanza. Mlango ule ulikuwa umeshikiliwa pia na pointi za Yanga ya Fiston Mayele, iliyofika fainali 2023 na kulikosa kombe kwa bao la ugenini baada ya kushinda 1-0 kule Algiers. Mimi mwenyewe sijawahi kuona watani wawili wanaobebana mgongoni kiasi hiki huku kila mmoja akiapa hamjui mwenzake.

Kwa hiyo, je, kaka ana haki ya kusema utairudisha nchi kwenye nafasi mbili? Kwa msimu huu ametia chumvi nyingi. Tufanye hesabu ya mbele. Msimu huu ukiisha, misimu ya nyuma yote inashuka daraja moja. Simba itabaki na 2, 6, 9 na 16, jumla 33. Yanga itabaki na 8, 9 na 8, jumla 25. Hapo ni 58 kabla ya kuongeza chochote. Juu yake, timu nne zikiwa tayari makundi, hata zote zikishika mkia, Simba na Yanga wataleta 5 kila mmoja na Azam na Singida Black Stars 2.5 kila mmoja. Ni 73 katika hali mbaya kuliko zote. Nchi zinazogombea nafasi ya 11 na 12 huwa chini ya hapo kwa mbali. Nafasi nne za msimu ujao hazitegemei kama Esperance itaifunga Simba au la.

Hilo lisikufanye ushangilie sana, kwa sababu pointi zina maisha marefu. Robo fainali moja ya Ligi ya Mabingwa inalipa 15 mwaka wa kwanza, kisha 12, 9, 6 na 3. Ni 45 ndani ya miaka mitano. Kushika mkia kunalipa 15 tu kwa muda huohuo. Pengo la Simba akifika robo na Simba akishika mkia halionekani mwakani, linaonekana siku ile Yanga na Simba wote watakapopata msimu mbaya kwa pamoja, kama 2019/20. Siku hiyo akiba ndiyo itakayoamua. Na siku hiyo inaweza kuwa ndiyo siku ambayo Yanga amemaliza wa pili.

Kuna ukweli mwingine ambao watu wa "uzalendo kwanza" hawapendi kuusema, nami nausema kwa sababu umeniuliza kwa moyo mweupe. Kama unaamini Yanga itakuwa bingwa kila mwaka, nafasi nne hazikusaidii kwa lolote la moja kwa moja. Bingwa anakwenda hata nchi ikiwa na nafasi moja. Wanaofaidika na nafasi ya ziada ni wa pili, wa tatu na wa nne. Isitoshe, Simba akifika mbali anapata fedha za CAF, anapata jina la kumvutia mchezaji ambaye nanyi mnamtaka, na anapanda kwenye orodha ya klabu. Mshabiki wa Yanga anayepima faida ya Yanga peke yake, kwa msimu mmoja tu, ana sababu halali ya kutomtakia Simba mema. Sababu hiyo inaisha nguvu ukipima kwa miaka mitano. Mimi nikiulizwa, napima kwa miaka mitano. Lakini sitakuita msaliti ukipima tofauti, na kaka asikuite hivyo. Utani wa Jangwani na Msimbazi umekuwepo kabla ya orodha ya CAF, na hakuna kanuni inayomtaka mtu ashangilie asichokipenda. Unaweza kukaa kimya dakika 90, ukanywa chai yako.

Jambo dogo kabla sijaliacha hili: usihesabu timu za Zanzibar humo. Zanzibar inaingiza wawakilishi wake yenyewe, na Azam alipokutana na KMKM msimu huu ilikuwa ni vyama viwili tofauti vinakutana. Marudiano ya fainali ya Simba na Berkane yalichezwa Amaan, Zanzibar, lakini pointi zilikwenda kapu la Tanzania Bara.

Sasa kundi lenu, na hapa naomba uwapelekee wenzako wa tawini kalamu na karatasi. Wanataka Al Ahly afungwe na kila mtu. Nawaelewa, kumwona mkubwa akianguka kunapendeza. Ila fikirini: Al Ahly akifungwa na AS FAR, pointi 3 zimekwenda wapi? Zimekwenda kwa AS FAR, ambaye ndiye anayegombea nanyi nafasi ya pili. Akifungwa na JS Kabylie, vilevile. Wanaovuka kundi ni wawili. Adui wa timu iliyo katikati ni yule aliye katikati naye, na mara nyingi kilicho bora kwako ni mkubwa akimbie na pointi zake nyingi, wa mwisho abaki na chache, kisha nafasi ya pili iuzwe kwa bei rahisi.

Sihitaji kutafuta mfano mbali, uko kwenu. Msimu wa 2023/24 Yanga ilipata pointi 8 kwenye kundi, ikavuka. Msimu wa 2024/25 Yanga ilipata pointi 8 zilezile, ikatolewa. Na cha kushangaza, jumla ya pointi za kundi zima ilikuwa sawa misimu yote miwili: 32. Kilichobadilika ni mgawanyo. Mara ya kwanza Al Ahly alichukua 12 na Medeama akabaki na 4, kwa hiyo Yanga na CR Belouizdad waligawana kilichobaki, 8 kwa 8. Mara ya pili Al Hilal aliongoza kwa 10 tu, TP Mazembe akaokota 5, na MC Alger akapata 9 zilizotosha kumpita Yanga. Kiongozi alipokula kidogo, bei ya nafasi ya pili ikapanda. Hicho ndicho wenzako wanachokiomba bila kujua.

Vipi AS FAR na JS Kabylie wakikutana wenyewe? Omba sare. Mechi yenye mshindi inamwaga pointi 3 kundini, sare inamwaga 2, na pointi moja inayopotea ni moja ambayo wapinzani wako hawakuipata. Hesabu hii inafaa raundi nne za mwanzo. Kuanzia mechi ya tano mambo hubadilika, kwa sababu mmoja wao anaweza kuwa tayari ameachwa mbali, na hapo unamtaka huyo dhaifu ashinde ili amvute miguu yule aliye karibu na wewe. Usishikilie jibu la Novemba hadi Februari.

Na msisahau kwamba pointi zikilingana, CAF inaangalia kwanza matokeo ya wao kwa wao, siyo mabao ya kundi zima. Hili ndilo lililowavusha 2023/24. Mlifungwa 3-0 na Belouizdad Algeria, mkawafunga 4-0 kwa Mkapa, na lile bao la nne ndilo lililoamua kila kitu. Kwa hiyo Al Ahly akimfunga mtu mabao matano au moja, kwenu ni karibu sawa. Ila bao moja la dakika za mwisho dhidi ya AS FAR au JS Kabylie, hata mkiwa mnafungwa, linaweza kuwa tiketi. Msiondoke uwanjani dakika ya 80.

Kuhusu kuongoza kundi: lina maana, ila si dawa. Kinara hukutana na mshindi wa pili wa kundi jingine na humalizia marudiano nyumbani. Mwaka 2024 Simba na Yanga wote walivuka kama wa pili, mmoja akapewa Al Ahly, mwingine Mamelodi Sundowns, na wote wakamalizia ugenini. Yanga ilitoka suluhu mara mbili na Sundowns ikafa kwa penalti kule Pretoria. Lakini 2021 Simba iliongoza kundi lenye Al Ahly, ikapangiwa Kaizer Chiefs ambaye wengi walimwona mwepesi, ikapigwa 4-0 Johannesburg, na 3-0 za Dar hazikutosha. Basi mkitaka kuongoza kundi, njia ni moja: mumfunge Al Ahly nyinyi wenyewe. Kuomba wengine wamfunge ni kuwalisha washindani wenu.

Hapa pia kuna kitu cha kukufurahisha au kukutia homa. Yanga ikivuka ya pili na Simba ikavuka ya kwanza, mnaweza kupangwa robo fainali. Droo haikwepeshi timu za nchi moja. Msimu wa 2024/25 kwenye Shirikisho CS Constantine na USM Alger, wote wa Algeria, walikutana hatua hiyohiyo. Kwa hesabu, uwezekano ungekuwa mmoja kati ya mitatu. Wote wawili wakivuka nafasi inayolingana, hawawezi kukutana robo. Kama hutaki presha ya Kariakoo mwezi Machi, basi unachopaswa kukiomba, upende usipende, ni Simba amalize nafasi ileile mnayomaliza nyinyi. Kwa kapu la nchi, kwa upande mwingine, mechi ile ingekuwa neema: mmoja wenu angekuwa nusu fainali kwa lazima.

Nakuachia pia picha moja ya kukutuliza siku ya mwisho ya makundi, watu watakapokuwa na simu mbili mkononi wakifuatilia uwanja mwingine. Machi 2019 Simba iliingia mechi ya sita ikiwa ya mwisho: Saoura 8, Al Ahly 7, AS Vita 7, Simba 6. Ilikuwa imefungwa tano na Vita, tano na Al Ahly. Dar es Salaam nzima ilibishana iiombee Al Ahly au Saoura, wanaokutana Misri saa zilezile. Ukikaa na karatasi, unaona ubishi ule haukuwa na kazi. Simba ikishinda inafika 9 na Vita inabaki na 7, na kule Misri hakuna matokeo yoyote yanayoweza kuwapitisha wote wawili juu ya 9. Ikishinda imevuka. Clatous Chama akafunga dakika za mwisho, 2-1, Simba ikaenda robo fainali ikiwa imefunga mabao 6 na kufungwa 13. Kabla hujachagua wa kumwombea, angalia kwanza kama hatima iko mikononi mwenu. Januari 2025 ilikuwa mikononi mwenu pia: ushindi wowote dhidi ya MC Alger ungewavusha. Ikawa 0-0.

Limebaki la kaka. Dau mlilowekeana haliwezi kulipwa kwa haki, kwa sababu mliliwekea madai mawili, na kila mmoja kashinda moja. Nakushauri usimtumie maandishi haya kwa simu, yatasomeka kama kesi. Nenda Jumamosi, au siku yoyote asiyokuwa kazini, mpe mkono, mketi na daftari mhesabu wenyewe kuanzia ile 15 ya 2019. Kama mnataka mtu wa kati, kila tawi lina mzee mmoja anayezijua kanuni, na klabu zote mbili zina maofisa wa mashindano wanaozisoma kanuni za CAF kila msimu. Waulizeni wao uso kwa uso kabla ya kuamini bango la mtandaoni, kwani kanuni hubadilishwa. Na kama laki mbili ile ilikuwa ya kodi au ada, au kama hii si mara ya kwanza dau la mpira linaingia kwenye pesa ya nyumba, hilo si swali la pointi tena. Mwambie mtu unayemwamini ana kwa ana, mke, mchungaji au shehe, au mshauri nasaha wa hospitali ya mkoa, na umwambie wiki hii.

Mechi ya Simba na Esperance ukitaka kuitazama kwa kaka, itazame. Kaa kimya, yeye atakuelewa. Na Yanga ikicheza na Al Ahly mwalike kwako, maana kwa hesabu tulizofanya hapa, naye ana cha kupoteza.